Damu Haina Mkwe

Kabula alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa nimeinamia darubini. Alisema neno moja tu, "Mama," kisha akalia, na sikuhitaji aendelee. Nilivua glavu, nikamwomba mwenzangu amalizie sampuli zilizobaki, nikakaa kwenye stuli bila kufanya lolote. Mama Kabula amekufa kwa uzee, usingizini, kitandani kwake, miaka mingi baada ya siku ile ambayo nusura afe kwa sababu yangu. Ndugu za Kabula wa Igoma wananijua kama yule binti wa maabara aliyemwokoa mama yao. Mara mbili nimejaribu kuwasahihisha na mara mbili wamecheka, wakidhani najishusha. Sijishushi. Mimi si mtu wa kujishusha, waulizeni wanaofanya kazi nami. Ndiyo maana nimeona bora niyaandike mambo yalivyokuwa, kabla sifa hizi za bure hazijanizoea.

Ninaishi Sengerema sasa, hivyo kwenda msibani nilivuka kwa daraja kutoka Busisi hadi Kigongo, muda mfupi hata karanga nilizonunua sikuzimaliza. Mwaka ninaotaka kuusimulia palikuwa na kivuko, na mtu alipata muda wa kusubiri, kula samaki wa kukaanga, kugombana na kupatana kabla ya kufika ng'ambo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha maabara na cheti kipya, na hapakuwa na kitu duniani nisichokijua. Nilipangiwa kazi kwenye hospitali moja pale mjini Mwanza, nikapata chumba Igogo chenye dirisha linalotazama jiwe. Wageni wakisikia hivyo hudhani nasema mlima. Lilikuwa jiwe, moja, kubwa kuliko nyumba, na mama mwenye nyumba alianika dagaa juu yake. Nguo zangu zote za mwaka ule zilinuka dagaa. Nilikuwa nikizifua kwa sabuni ya unga na kuzinyunyizia marashi, na nikifika kazini Mzee Bwire alinusa mara moja tu akasema, "Leo dagaa wamekwenda harusini."

Mzee Bwire ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara. Alikuwa Mjita, mfupi, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alikuwa ameifunika mashine yetu kubwa ya kupimia damu kwa kitambaa cha kufuma alichofuma mkewe, cheupe chenye maua ya bluu pembeni, kama tunavyofunika redio sebuleni. Kila asubuhi alikikunja mara nne na kukiweka kwenye droo, na kila jioni alikitandaza tena. Chumba chenyewe kilikuwa kirefu na chembamba, na ukisimama kwenye sinki uliweza kuona kipande cha ziwa kati ya paa mbili. Saa nne tulikunywa chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha alivyokuja navyo kwenye hotipoti, lakini kiazi hakikuguswa hadi damu za wodi ya upasuaji ziwe zimepimwa. Siku yangu ya kwanza nilinyoosha mkono mapema. Aliurudisha mfuniko wa hotipoti polepole, wala hakunigombeza. "Binti Zulfa," alisema, "kiazi kitakusubiri. Damu haisubiri." Leo hii nawaambia hivyo hivyo wanaofanya kazi chini yangu, na wananiona mchoshi kama nilivyomwona yeye.

Mwaka ule alikuwa amerudi daktari wa upasuaji aliyekwenda kusoma, Dokta Anselmi, kijana mrefu mwenye haraka. Yeye ndiye aliyetuletea kipimo kinachoitwa CRP. Ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopata jeraha au uambukizo. Mtu akipasuliwa lazima ipande, maana kisu nacho ni jeraha. Itapanda kama siku mbili, na kuanzia siku ya tatu inatakiwa ianze kushuka. Isiposhuka, ndani kuna jambo. Na kwa mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana, aliyekatwa kipande kibovu na ncha mbili zilizobaki zikashonwa pamoja, jambo la kuogopwa kuliko yote ni kiungo kile kuvuja, uchafu ukasambaa tumboni wakati kwa nje mtu bado anaonekana ana nafuu. Vitendanishi vya kipimo hicho vilikuwa adimu, tukaviweka kwa ajili ya wagonjwa hao tu. Mzee Bwire akanunua karatasi za miraba na penseli nyekundu, na kila mgonjwa akachorewa mstari wake. Aliuita kilima. "Namba moja ni umbea," aliniambia. "Namba tatu ndiyo ushahidi. Tazama kilima kinakwenda wapi." Mimi niliona ni kazi ya shule ya msingi. Namba si ipo, ya nini kuichora?

Mama Kabula aliletwa kutoka upande wa Magu, na saratani hiyo hiyo ya utumbo, miezi michache baada ya mimi kuanza kazi. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mifupa mikubwa na sauti ya kuitia ng'ombe, na wodi nzima ilijua alipoamka. Nilikwenda kumtoa damu siku moja kabla ya upasuaji, nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Malahaba, mwanangu. Mbona mwembamba hivyo, kwenu hakuna ng'ombe?" Nikamwambia kwetu Igogo kuna dagaa. Akacheka hadi sindano ikanibidi niichomoe nianze upya. Nilimpenda pale pale, sina maelezo mengine. Kuna watu unawapenda kabla hujawajua, na ukishawajua huoni sababu ya kubadilisha.

Aliyekuwa akimuuguza si binti yake. Kabula alikuwa amejifungua wiki ileile na hakuweza kusafiri, kwa hiyo mzigo ulimwangukia mumewe, Masalu, fundi wa kuchomelea mageti na matangi kule Igoma. Basi hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa Wasukuma wa rika la mama yule, mkwe na mama mkwe wake hawaketi pamoja, hawali pamoja wala hawatazamani usoni, na yanayohusu mwili hayatajwi kabisa mmoja akiwepo. Masalu alikuja kila asubuhi na termosi ya uji na bakuli la maziwa ya mgando, akasimama nje ya dirisha la wodi na kulipa mgongo, akasema kwa sauti ya kuuambia uwanja, "Mwangaluka, mayu." Mama, ndiye mayu kwa Kisukuma, akaitikia salamu ile ya asubuhi akiwa ameuelekea ukuta. Kisha Masalu alimtafuta mtu wa kupeleka chakula kutoka kwake hadi kitandani, umbali wa hatua kumi. Mtu huyo mara nyingi nilikuwa mimi.

"Muulize mayu kama kalala salama," Masalu aliniambia.

"Mwambie nimelala salama," mama aliniambia kabla sijauliza, kwa sababu alikuwa amesikia vizuri tu.

Niliona ni mchezo wa kuigiza wa bure. Sisi wa Igogo tumechanganyika, Waswahili wa mjini, wakwe zetu tunakula nao sinia moja na kugombania kichwa cha sato. Lakini nilifurahia kuwa tarishi wao. Mama aliniwekea maziwa kwenye kikombe chake, nikayanywa nimesimama huku nikimsikia akiwasimulia wenzake wodini kwamba mkwe wake ana mikono miwili tu lakini anafanya kazi za watu sita. Alisema hivyo kwa sauti ya juu, kusudi ifike dirishani. Masalu hakugeuka, ila shingo yake ilionyesha kuwa amefurahi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya pili mvua ilinyesha Mwanza kama inavyojua kunyesha, na Masalu akasimama pale pale nje, maji yakimtiririka kwenye mgongo wa shati. Nikamhurumia. Nikaenda kwa muuguzi wa zamu, nikambembeleza, tukaweka kiti ndani, nyuma ya pazia la kijani lililokuwa kando ya kitanda cha mama. Hatua tatu tu, ila hawaonani. Masalu alisita sana. Nilimshika mkono nikamkalisha mwenyewe, nikijiona mwerevu kuliko mila za watu wote wa kanda ya ziwa. Mama alijifunika shuka hadi kidevuni na kuuelekea ukuta.

Siku ya tatu kilima hakikushuka. Hakikupanda sana pia, kililala kama meza. Mzee Bwire aliitazama karatasi, akaniambia nipeleke jibu wodini mwenyewe. Nilimkuta Dokta Anselmi kwenye mzunguko, amesimama miguuni mwa kitanda na faili mkononi. "Mama, hujambo?" aliuliza. "Sijambo kabisa, dakitali." "Tumbo linauma?" "Kidogo tu la kidonda." "Upepo umetoka?" Kwa mtu aliyeungwa utumbo hilo ndilo swali kubwa, maana upepo ukitoka ni dalili kwamba njia inafanya kazi. Nyuma ya pazia kiti kililia kidogo. Mama akasema haraka, "Mambo yote mazuli, namshukulu Mungu." Daktari akanigeukia, akaiona namba, akakunja uso. Na mimi, Zulfa mwenye cheti, nikasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Labda ni kidonda tu, dokta. Mwenyewe anaonekana mzima, jana alinitania." Akaafiki. Akaandika aanze uji.

Siku ya nne asubuhi namba ilipanda. Nilirudia kipimo nikidhani nimekosea, ikatoka ile ile. Nikarudia tena, na Mzee Bwire akaniona. Hakuuliza kwa nini ninapoteza vitendanishi. Alichukua penseli nyekundu, akaweka nukta ya nne juu ya ya tatu, akaunganisha. Nilikuwa nimeona namba zote hizo kwa macho yangu, lakini mstari ule ulipopinda kwenda juu ndipo nilipoiweka chini sampuli. Namba unaweza kubishana nayo. Mstari ule haukuwa na nafasi ya ubishi.

"Nani anamuuguza?" aliuliza.

"Mkwe wake."

"Anakaa wapi?"

Nikamweleza habari ya mvua, kiti na pazia, nikingojea asifu. Alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi.

"Binti," alisema, "umemfunga mdomo mama wa watu. Ulitaka ajibu habari za upepo mkwe wake anamsikia? Huyo atakufa kwanza." Akaivaa tena miwani. "Watu wazima wanaona haya. Damu haina mkwe, yenyewe inasema tu. Nenda kamtoe yule kijana pale, halafu ndiyo umuulize."

Sikutembea, nilikimbia, jambo ambalo hospitalini tunakatazwa. Masalu alikuwa kitini amekumbatia termosi. Nikamwambia aende jikoni upande wa pili akaniletee maji ya moto, uongo mtupu, na nilipomwona amevuka uwanja nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, ameondoka. Yuko mbali. Niambie." Alinitazama muda mrefu, na nikaona nilichopaswa kukiona jana, midomo iliyokauka na jasho juu yake. Akaanza kusema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Tumbo limejaa na linamuuma tangu juzi usiku. Upepo haujatoka hata mara moja. Uji ule alikunywa vijiko vitatu, akavitapika kwenye kanga, akaikunja kanga chini ya mto. Uliobaki alimpa mgonjwa wa kitanda cha pili. "Ningesemaje, mwanangu?" aliniuliza. "Mkwe wangu yupo pale." Nilivuta mto. Kanga ilikuwepo. Nililia, sioni aibu kusema. Yeye ndiye aliyenipangusa.

Mzee Bwire alikuwa amenifuata kwa mwendo wake, kitambaa cha kufuma bado begani alipokisahau, na karatasi ya miraba mkononi. Dokta Anselmi, tuliyemkuta mlangoni mwa wodi, alisema namba kupanda kunaweza kuwa na sababu nyingi, kifua, kidonda, hata mkojo, na alisema kweli. Mzee hakubishana. "Sisemi ni kiungo, dokta. Mimi tumbo silioni. Nasema njoo ulishike, na umuulize upya sasa hivi, mkwe hayupo." Daktari alilishika. Mama, ambaye jana alisema kidogo tu, alipiga kelele moja ikafika hadi uwanjani, na Masalu akarudi mbio na maji ya moto yakimwagikia miguuni. Saa sita ikaamuliwa arudishwe chumba cha upasuaji.

Wodi ilitaka sahihi ya ndugu pamoja na dole gumba la mgonjwa. Masalu alishika kalamu kana kwamba ni kitu kinachounguza. "Mimi nitie sahihi, afunguliwe tumbo mama mkwe wangu?" Dokta Anselmi alijaribu kumweleza kuhusu kiungo, na hapo fundi alielewa upesi kuliko mimi. "Nikiunga tangi nalijaza maji nione linavuja wapi," alisema. "Ninyi mnaonaje?" Daktari akasema, "Sisi hatuwezi kujaza. Tunangoja damu ituambie." Masalu akanigeukia, mgongo wake kwa kitanda kama kawaida. "Dada, muulize mayu kama ananiruhusu." Nikageuka kumuuliza, lakini mama alikuwa ameshajibu, kwa sauti yake ile ya ng'ombe iliyobaki robo. "Mwambie alipokuja kumchumbia mwanangu sikumuuliza mala mbili. Atie." Akatia. Nami nilisimama pale nikiomba dua zote nilizofundishwa madrasa na nyingine nilizotunga.

Kiungo kilikuwa kinavuja, tundu dogo. Walisafisha tumbo, wakautoa utumbo nje kwa muda na kuufungia mfuko. Mama alikaa wodini wiki nyingi. Kiti kilirudi nje ya dirisha, na safari hii nilimtafutia Masalu mwavuli. Kwa wiki ya kwanza sikuweza kumtazama mama usoni, nikawa najibanza nyuma ya kazi, hadi aliponiita mbele ya wodi nzima. "Wewe wa dagaa! Unanikwepa kama mimi ni mama mkwe wako?" Nikaketi kitandani kwake, nikamwambia yote, kiti na namba na maneno niliyomwambia daktari. Alinisikiliza huku akimenya chungwa. Akanipa nusu. "Ulimhulumia mtu asilowe," alisema. "Sasa nikuchukie kwa hilo? Kula." Nimesamehewa na watu wengi maishani, mimi ni mtu wa makosa, lakini hakuna msamaha mwingine ninaokumbuka ladha yake.

Miezi kadhaa baadaye, mwaka ukielekea ukingoni, alirudi kuondolewa mfuko na kuungwa tena. Kabula alikuja naye, mtoto mgongoni. Nilipima damu mwenyewe na nilichora mwenyewe, kwa penseli nyekundu, na siku ya tatu mstari uliposhuka Mzee Bwire akanisogezea hotipoti nzima ya viazi. Kwenye mzunguko wa asubuhi mama alimtuma Kabula akahakikishe Masalu yuko getini. Aliporudi na kusema yupo, mama akajiegemeza kwenye mto, akamwangalia Dokta Anselmi na kutangaza kuwa upepo umetoka, mala nne, na kama hawaamini wawaulize majirani. Wodi ililipuka kwa vicheko. Muuguzi alilazimika kutoka nje.

Tangu mwaka ule sijawahi kuandika kwenye karatasi kwamba mgonjwa amesema hajambo na nikaishia hapo. Kwetu "sijambo" ni adabu, hata mtu anayezama atakuitikia. Mzee Bwire alitangulia zamani, na mkewe alinipa kile kitambaa cha kufuma. Kinafunika mashine yangu Sengerema, na wakaguzi hukiangalia kwa jicho baya.

Msibani Igoma, mageti ya Masalu yalikuwa yamesogezwa pembeni kupisha turubai. Watu walipanga mstari kumuaga mama, wanaume kwa wanawake, lakini mwenye nyumba sikumwona. Nilimkuta nyuma ya karakana, mvi kichwa kizima, amesimama na kuupa mgongo uwanja wenye jeneza. Wazee walikuwa wamemwambia kwamba sasa anaruhusiwa, kifo kimemaliza haya. Alikuwa amekataa. Nilimpa pole. Hakugeuka, ila aliijua sauti yangu.

"Dada, nenda wewe," alisema. "Mwambie mayu nipo hapa."

Nikaenda. Nilipanga mstari kama wengine, na zamu yangu ilipofika nikainama karibu na uso wake mrefu uliotulia. Nikasema, "Shikamoo, mama. Mkwe wako yupo, kasimama mbali, hasikii chochote." Nilikaa hapo kidogo, hadi watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Kisha nikarudi karakana. Masalu alikuwa pale pale, viganja vyake vyenye makovu ya moto vimeshikana kiunoni kwa nyuma.

"Kasemaje?" aliniuliza.

"Kasema hajambo," nikamwambia, na safari hiyo sikuwa na haja ya kupima.